Nani Anaandikwa Kwenye Daftari la Michango

Tangu irudi mikopo isiyo na riba ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile tunayoiita ya asilimia kumi, nimekuwa nikisikia kauli moja ikirudiwa hapa Kigoma, mitaa ya Mwanga, Gungu na Ujiji, barazani kwenye kahawa na hata dukani: "Walemavu sasa wamewekewa fungu lao, nasi tupumue." Anayeisema huwa hana ubaya moyoni. Mara nyingi ni mwenye duka yuleyule ambaye kila Alhamisi jioni hubadilisha noti kuwa sarafu, akaziweka kwenye kopo, zisubiri watakaopita Ijumaa asubuhi. Anachosema ni kwamba mzigo aliokuwa akiubeba kwa mkono wake sasa umepata mbebaji mwenye nguvu zaidi. Naona amekosea mara mbili. Ameuelewa vibaya mkopo, na ameuelewa vibaya hata ukarimu wake mwenyewe.

Hoja yangu ni kwamba watu wenye ulemavu katika mji huu hawajawahi kukosa wa kuwapa. Kigoma inatoa. Inatoa Ijumaa, inatoa Jumapili, inatoa msibani, inatoa mwezi wa Ramadhani hadi sahani zinapishana mlangoni. Walichonyimwa ni kitu kingine, tena wamenyimwa kwa upole na watu wanaowapenda: nafasi ya kutoa, ya kudaiwa na ya kulipa. Mkopo, pamoja na kasoro zake zote, umegusa hapo. Na kama kuna mahali ambapo jamii yetu ililijua jambo hili kabla ya sheria yoyote kuandikwa, ni kwenye ngoma na muziki.

Tuanze na mkopo, maana ndio uliozua maneno. Tangu mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inazitaka halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwanzoni ilikuwa lazima kukopa kwa kikundi. Baadaye kanuni zikalegezwa, mtu mmoja mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa peke yake, na hilo lilikuwa la busara, kwa sababu watu hawawi kikundi kwa kuwa tu wote wana ulemavu. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo baada ya malalamiko mengi ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Mwaka 2024 ikarudi, na halmashauri kumi zikachaguliwa kujaribu utaratibu wa kuitoa kupitia benki. Kigoma Ujiji ilikuwa mojawapo, pamoja na majiji ya Dar es Salaam na Dodoma. Ndiyo maana kwetu maneno ni mengi kuliko kwa jirani zetu wa Kasulu au Kibondo.

Mapato ya ndani maana yake ni ushuru wa soko, leseni za biashara, ada na tozo zinazokusanywa papa hapa. Mama anayeuza samaki aina ya migebuka Kibirizi amechangia fungu hilo kila alipokatiwa risiti, awe na ulemavu au asiwe nao. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye suala la kurudisha, fedha hizi si zawadi ya mtu. Ukitaka kulinganisha, sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kiwango cha ulemavu nchini, kwa wenye umri wa miaka saba na zaidi, ni asilimia 11.2, yaani karibu mtu mmoja katika kila tisa. Fungu lao katika kumi ni mbili, yaani moja katika tano, na kwa juu juu linaonekana kuizidi idadi yao. Wasomaji wanaopenda kusema "wamependelewa" waipige hesabu hiyo pole pole, wakikumbuka pia kwamba katika wale wanawake na vijana wa zile asilimia nyingine nane, wenye ulemavu wanaokaribishwa kikundini ni wachache mno.

Lakini fedha siyo kiini. Kiini ni kwamba sadaka inaishia palepale inapotolewa. Aliyetoa ameshatoa, aliyepokea ameshapokea, na Ijumaa ijayo wanaanza upya kama watu wasiojuana. Mkopo unamtaka aliyepokea arudi. Unafungua ukurasa wenye jina lake. Na katika maisha yetu ya kila siku, kuwa na ukurasa wenye jina lako ndiko kuwa mtu wa mtaa.

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua uzito wa daftari la michango. Jina, ahadi, iliyolipwa, inayodaiwa. Siku hizi orodha hurushwa kwenye kundi la WhatsApp kila usiku, na jina lenye ahadi isiyolipwa hubaki pale likimtazama mwenyewe. Watu wanalalamika kwamba michango inaumiza, na ni kweli inaumiza, ila simjui anayetaka jina lake lifutwe. Mchango wa harusi ni mkopo usio na karatasi. Leo natoa 50,000 kwa mtoto wako. Siku ya wangu utanirudishia, na kama wewe ni muungwana utaongeza kidogo. Mtu aliyemo kwenye madaftari ya watu thelathini amejiwekea akiba kwa watu thelathini, akiba ambayo haiibiwi. Upatu wa akina mama sokoni unakwenda hivyohivyo, na vikoba vivyo hivyo: kinachozunguka ni fedha, lakini kinachoifanya izunguke ni imani kwamba na wewe zamu yako ya kutoa itafika na utatoa.

Sasa tazama kinachotokea kamati inapofika kwenye jina la jirani mwenye ulemavu. Mmoja anasema, "Huyo tumwache, tusimsumbue." Wengine wanaitikia kwa kichwa. Hakuna anayepinga, kwa kuwa anayepinga ataonekana hana huruma. Siku ya harusi jirani huyo atakula, tena huenda akapelekewa sahani ya kwanza. Lakini jina lake halimo. Miaka mitatu baadaye binti yake anaolewa, madaftari yote ya mtaa yanafunguliwa, na hakuna hata moja ambamo yeye anadai. Watu watatoa, maana ni watu wa Kigoma. Watatoa kadiri moyo ulivyoamkia siku hiyo: elfu mbili kwa huyu, elfu tano kwa yule, na khanga moja kwa yule mwingine, mahali ambapo mwenzake wa nyumba ya pili angelipwa deni la elfu hamsini kwa kila jina. Kisha tutarudi nyumbani tukisema ana maisha magumu, maskini, kwa sababu ya miguu yake. Miguu haikuhusika. Aliondolewa kwenye mzunguko siku ile kamati ilipomhurumia.

Lugha nayo ina sehemu yake. Methali tunayoikimbilia ni "hujafa hujaumbika". Ni methali ya huruma, na imewazuia watoto wengi kumcheka mwenzao. Lakini sikiliza inazungumza na nani. Inazungumza na asiye na ulemavu, inamwambia: na wewe yanaweza kukufika. Mwenye ulemavu ndani ya methali hiyo ni onyo tu. Haitaji alichonacho, anachokijua, wala anachoweza kumpa mwenzake. Hata majina yametaabika: kipofu, kiziwi na kiwete yana umbo la kiti na kikombe, ingawa tunasema kipofu amekuja, hatusemi kimekuja. Wengi wamechagua kuitwa wasioona. Viziwi wameamua vingine, na chama chao cha kitaifa, CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), kinalibeba neno viziwi kwenye jina lake bila aibu, kwa sababu kiziwi ni mtu mwenye lugha yake, lugha ya alama. Kila kundi lijiite litakavyo na tuwaheshimu. Ila tumekuwa hodari wa kusahihishana maneno seminani huku daftari likibaki vilevile.

Aliyekulia mwambao wa Ziwa Tanganyika alipaswa kulielewa jambo hili upesi. Vijiji vingi vya ziwa havina gati. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, katika safari zake ilisimama mbali na nchi kavu, watu wakashuka kwenye mitumbwi iliyokuja kuwapokea. Na hata leo, boti ikifika kwenye maji mafupi, vijana wenye mabega wanaingia majini na kuwabeba abiria mgongoni hadi mchangani. Wanabebwa wafanyabiashara wa mawese, watumishi wenye viatu vya kung'aa, mabibi harusi na mizigo yao. Kila mmoja analipa kidogo, anakung'uta nguo na kwenda zake. Hakuna anayeitwa mlemavu, na hakuna anayesema amesaidiwa. Kwa dakika zile wote ni watu ambao mahali hapakujengwa kwa ajili ya miguu yao. Mtu wa kiti mwendo anapobebwa kupandishwa ngazi za ofisi isiyo na mteremko, kinachofanyika ni kilekile: upungufu ni wa mahali, na bega la jirani linauziba. Tofauti iliyopo tumeiweka sisi. Mfanyabiashara wa mawese alilipa akaondoka na heshima yake kamili; yule wa kiti mwendo anatakiwa ashukuru mpaka jioni.

Nilisema ngoma inalijua jambo hili. Neno lenyewe ni kutunza. Tunamtunza mgonjwa, tunamtunza mtoto, na pia tunamtunza mwimbaji: mtu anainuka kitini, anakwenda mbele kwa mwendo wa ngoma, anambandika noti kwenye paji la uso, anarudi akicheza. Lugha imeyaweka matendo haya mawili ndani ya kitenzi kimoja, lakini njia zake zimeachana. Mgonjwa anatunzwa kwa sababu ya anachokosa. Mwimbaji anatunzwa kwa sababu ya alichokwisha kutoa. Na kwenye ngoma anayesogea ni mpaji, anayetazamwa ni mpaji, anayetafuta kukubaliwa ni mpaji. Mwimbaji akilitaja jina lako ndani ya wimbo, unarudi kukaa ukiwa mkubwa kuliko ulivyoinuka. Yule aliyeketi mlangoni mwa duka siku ya Ijumaa anaweza kuwa na sauti hiyohiyo, na noti inaweza kuwa ileile ya elfu moja. Mlangoni noti inashuka. Kwenye ngoma inapanda.

Kumbukumbu ya nchi hii ina ushahidi wa kutosha. Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya Radio Tanzania ilitanguliwa na mlio wa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona aliyeweza kucharaza ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Nchi nzima, pamoja na Kigoma ambako gazeti lilifika na treni likiwa limeshapitwa na mambo, ilinyamaza kwa ishara ya mikono ya mtu asiyeona. Hakuna aliyefungua redio akidhani anampa Mzee Morris msaada. Yeye ndiye aliyekuwa akitupa sisi kitu, kila siku, na tulikipokea bila kukihesabu. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ambayo muziki wake umetulea sisi watu wa Kigoma kuliko tunavyokiri, mjini Kinshasa, wanamuziki wa Staff Benda Bilili, wengi wao waliougua polio utotoni, walipiga gitaa wakiwa juu ya baiskeli za magurudumu matatu, na kijana wao mmoja akacheza ala ya waya mmoja aliyoiunda kwa kopo la maziwa. Mwaka 2009 walipotoa albamu yao ya kwanza, majukwaa ya Ulaya yakawaita. Kule Ukerewe, mwaka 2017 watu wenye ualbino walirekodi nyimbo zao wenyewe, na wakafika hadi Uingereza kuziimba. Na Khadija Taya, anayejulikana kwa jina la Keisha, alisikika kwanza katika Bongo Fleva kabla ya kuingia bungeni mwaka 2020. Watu walimjua kwa sauti yake kwanza, na ualbino wake ukaja nyuma ya sauti hiyo, mahali pake.

Kwa mkoa wetu hili la ualbino lina kidonda chake. Yalipoanza kusikika mauaji katika miaka ya 2000, watoto walipelekwa Kabanga, Kasulu, wakalindwe. Kulindwa kulikuwa lazima, na waliowapokea walifanya kazi ambayo hatuwezi kuwalipa. Lakini mtoto anayekulia ndani ya uzio anajifunza kwamba dunia ina watu wawili, wanaowinda na wanaolinda, na kwamba yeye kazi yake ni kupokea kimoja kati ya hivyo viwili. Ndiyo maana siwezi kuiona kwaya au ngoma ya watoto kama hao kuwa ni burudani ya kupamba hafla. Anaposimama mbele za watu akaanzisha wimbo, na wakubwa wakaitikia, amewaongoza. Kwa muda wa wimbo huo wao ndio wanaomfuata.

Hapo lazima niseme jambo linaloniuma. Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, vikundi vya sanaa vya watu wenye ulemavu huitwa viwanjani. Vinapiga ngoma juani tangu saa mbili asubuhi hadi mgeni rasmi afike, wakati mwingine saa tano. Nimeona hafla ambazo mshereheshaji alilipwa, mwenye spika alilipwa, mpiga picha alilipwa, na kikundi kilichobeba hafla nzima kikakabidhiwa mchele na sabuni mbele ya kamera. Mchele ni kitu chema. Lakini wale walifanya kazi, na kazi ina ujira. Kumlipa mpiga ngoma kwa mchele na sabuni wakati mwenye spika ametiwa bahasha mkononi ni kuichukua ile noti iliyokuwa ikipanda na kuigeuza ishuke.

Wako wanaharakati, wengine ni rafiki zangu, watakaosema nimezunguka mbali bure. Kwao kauli ni moja: haki, si hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi ahakikishe asilimia tatu ni watu wenye ulemavu. Idai hiyo, wanasema, achana na michango ya harusi. Hoja yao ina nguvu, na sehemu yake yenye nguvu zaidi ni hii: ukarimu unachagua. Mtoto mzuri wa sura mwenye kiti mwendo hupigwa picha na kuchangiwa ndani ya siku moja, na kijana mwenye ulemavu wa akili, anayepiga kelele usiku, hana anayemchangia. Ukarimu pia unachoka, na hauwezi kupelekwa mahakamani. Nakubali yote hayo. Ninapoachana nao ni pale wanapotaka tuukate ukarimu wa jirani kana kwamba ni gugu linaloizuia haki isiote. Mwanamke kiziwi anayefanya biashara ya dagaa Katonga ana haki ya kuwekewa mkalimani wa lugha ya alama anapokwenda kusaini mkopo. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, miaka mingi iliyopita, na bado kuna watu wazima viziwi ambao hawakupelekwa shule yoyote, ambao lugha yao ni ishara walizozibuni na mama zao na wenzao wa mwaloni, yaani ufukweni samaki wanaposhushwa. Kwa mtu kama huyo mkalimani wa serikali hatatosha peke yake. Atahitajika pia yule mwenzake wa kuanika dagaa anayejua kwamba vidole viwili shavuni maana yake ni ndoo ya mdomo mpana. Haki itamfikia kupitia mikono ya jirani, na jirani huyo hafanyi hisani; miaka yote hii wamekuwa wakihesabiana dagaa.

Wengine wana wasiwasi wa marejesho. Fedha ni za umma, zilishapotea mara moja, na benki haina shangazi. Huu ni wasiwasi halali na siupingi. Ninachoomba ni kwamba marejesho yapangwe na mtu anayelijua ziwa. Kazi ya dagaa inakwenda na giza. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti samaki na mitumbwi hulala. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Mkopaji yeyote wa mwaloni, mwenye ulemavu au asiye nao, akipangiwa marejesho ya kila mwezi kama mtumishi anayepokea mshahara, atashindwa, na akishindwa mwenye ulemavu watu watasema "tulijua".

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika kuwa ya upendo kuliko zote: kwamba kumdai mtu mwenye ulemavu ni ukatili, afadhali apewe tu. Nimeisikia hata kwa watu wa dini. Inaanguka kwa sababu mbili. Kwanza, mikopo iliposimamishwa mwaka 2023 ilisimamishwa kwa makundi yote matatu, wanawake, vijana na wenye ulemavu. Hakuna aliyesema sasa wanawake na vijana wapewe bure kwa kuwa kuwadai ni ukatili. Kwa nini huruma hiyo iwafuate hawa peke yao? Pili, kumsamehe mtu deni kabla hajashindwa kulilipa ni kumwambia kwamba hukutarajia alipe. Mtu anaisikia sentensi hiyo hata isipotamkwa. Aliyeshindwa kweli, baada ya kuugua au baada ya ziwa kufungwa, asamehewe kama tunavyosameheana sisi kwa sisi, akiwa mtu aliyejaribu.

Kuna pingamizi moja ambalo silichukulii kwa wepesi. Wapo ambao hawatakopa, hawatachangia na hawatapanda jukwaani: mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kukaa bila kushikwa, mtu mzima ambaye ulemavu wake umemfunga kitandani. Nikisema heshima inatokana na kutoa, je, nimewafungia nje? Nimelifikiria sana hili. Hao wanastahili kila kitu bila kutoa chochote, na hapo ndipo haki inapopaswa kusimama peke yake bila kungoja moyo wa mtu. Lakini tazama pia nani yuko karibu nao. Karibu kila mara ni mama au bibi, na huyo naye hayumo kwenye daftari. Hatoki kwenda kwenye vikao kwa sababu hana wa kumwachia mtoto. Upatu alishauacha. Harusi anazisikia kwa mbali kama anavyosikia honi ya meli. Tunamwita jasiri, tunamwombea, na tumeacha kumletea kadi. Akipata jirani wa kukaa na mtoto saa tatu tu kwa juma, atarudi kwenye kikoba chake, na hapo ndipo mtoto naye atapata watu.

Yote haya yana matokeo ya kiutendaji, na si makubwa sana. Anayepitisha maombi ya mikopo akubali kwamba ngoma, gitaa na spika ni vitendea kazi sawa na cherehani na jiko la mandazi. Kikundi cha sanaa kinachokodishwa kwenye harusi tatu kwa mwezi ni biashara, na vitabu vyake vinaweza kukaguliwa kama vya duka. Mkataba usomwe kwa asiyeona mpaka auelewe, au uwe kwenye nukta nundu kama anazisoma, na asiharakishwe aweke dole gumba. Halmashauri, mashirika na misikiti na makanisa yanapowaita wasanii wenye ulemavu wakubaliane nao bei kabla ya siku, kwa maandishi, kama wanavyofanya na bendi nyingine yoyote. Na mwenye duka asiliondoe kopo lake la Ijumaa. Aliache pale pale, ila amuulize pia mmoja wao anafanya kazi gani, na kama anashona, ampelekee nguo.

Kuna fundi viatu Mwanga, mzee aliyeugua polio akiwa mtoto, ambaye amenishonea viatu tangu nikiwa shuleni. Mwaka jana nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mtoto wa jirani, na jina la mzee huyo liliporukwa nami niliitikia kwa kichwa kama wenzangu. Wiki moja kabla ya harusi nikampelekea viatu aweke soli. Alipomaliza nikatoa fedha, akausukuma mkono wangu.

"Nasikia daftari liko kwako, mwanangu."

Nikasema ndiyo, liko kwangu.

"Soli ni elfu nane. Iandike hiyo kwa jina langu kamili. Na hii hapa elfu kumi na mbili, iwe ishirini. Binti yangu anamaliza chuo mwakani."

Nililitoa daftari kwenye mfuko, nikaketi kwenye benchi la wateja, nikaandika jina lake kwenye mstari wa chini ya jina la mwenye mashine ya kusaga. Akanyoosha mkono aletewe aone. Akalifuata jina lake kwa kidole chenye gundi, herufi kwa herufi, hadi kwenye 20,000, akanirudishia daftari, kisha akachukua kiatu cha mteja aliyekuwa nyuma yangu.